Maswali ya Wasomaji: Kobalti, Sumaku na Kazi ya Mwanafizikia

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazohusu sumaku, zote kutoka hapa Lubumbashi. Nimeona afadhali nizijibu pamoja, nikiipa ya kwanza nafasi kubwa zaidi.

Swali

Jambo Mwalimu. Ninasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ninakaa Katuba kwa mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia masomo. Ninakaribia kumaliza lisansi, na ningependa kuendelea mpaka shahada ya uzamivu katika fizikia ya maada zenye usumaku. Mjomba, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kusafishia shaba na kobalti huko Likasi, hataki kusikia habari hiyo. Anasema sumaku ni kitu cha kuchezea watoto, na kwamba nikihamia metalurjia nitapata kazi inayoleta bukari nyumbani. Naomba unieleze: mtafiti wa sumaku hufanya nini hasa kutwa nzima? Kobalti yetu ina uhusiano gani na kazi hiyo? Na je, mtu anaweza kuianzia hapa, mahali ambapo umeme huondoka bila kuaga?

*Mwanafunzi, Katuba*

Jibu

Mwanangu, nitaanza na kobalti, kwa sababu hapo ndipo mjomba wako atakapotega sikio.

Kati ya metali safi tunazozifahamu, ni tatu tu ambazo hunaswa kwa nguvu na sumaku katika joto la kila siku, nazo ni chuma, nikeli na kobalti. (Iko ya nne, gadolini, lakini hiyo huupoteza usumaku wake ikifika karibu nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo mchana wa Lubumbashi ungetosha kuishinda.) Kila moja ina kiwango cha joto ambacho ikikivuka usumaku wake huvunjika. Kiwango hicho huitwa halijoto ya Curie, kwa jina la Mfaransa Pierre Curie, ambaye alilichunguza jambo hilo katika tasnifu yake ya mwaka 1895. Nikeli hushindwa karibu na nyuzi 355, chuma kwenye 770, lakini kobalti huvumilia mpaka 1,115 hivi, na hakuna elementi nyingine inayoipita. Kwa hiyo metali ambayo mjomba wako ameishughulikia maisha yake yote ndiyo inayoongoza kwa kuhifadhi usumaku ndani ya moto.

Watu wa sumaku waliligundua jambo hilo mapema. Mwaka 1917, huko Sendai, Japani, mwanafizikia Kotaro Honda alitengeneza feleji yenye kobalti ambayo ilizishinda sumaku za kudumu za wakati wake. Katikati ya miaka ya 1960, Karl Strnat, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Jeshi la Anga la Marekani mjini Dayton, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kobalti ikichanganywa na metali za jamii ya ardhi adimu, hasa samari, hutoa sumaku yenye nguvu ambayo haikuwahi kuonekana. Kwa miaka kadhaa ikawa kwamba mtu anayetaka sumaku kali isiyoogopa joto hana budi kununua kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka kwetu, wakati nchi ikiitwa Zaire na jimbo letu likiitwa Shaba.

Kisha vikaja vita vya Kolwezi, mji wetu wa migodi, vya Mei 1978, ambavyo wazee wa hapa bado huviita vita vya siku sita. Wataalamu wa kigeni waliondolewa, uchimbaji ukavurugika, na bei ya kobalti katika masoko ya dunia ikapanda mara kadhaa. Baadhi ya waandishi husimulia kana kwamba sumaku mpya ilizaliwa siku hiyo, nami nadhani wanarahisisha mno. Swali lilikuwa limeshaulizwa kabla ya risasi ya kwanza kulia: kwa nini kobalti isibadilishwe kwa chuma, ambacho kimejaa kila mahali na ni rahisi? Kikwazo kilijulikana pia. Chuma kikiwekwa mahali pa kobalti katika aloi za aina hiyo, halijoto ya Curie hushuka vibaya, kwa kuwa baadhi ya atomi za chuma hukaa karibu mno na jirani zake. Masato Sagawa, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya Fujitsu, aliwaza kwamba huenda atomi ndogo kama boroni ikipenyezwa humo ingerekebisha hali hiyo. Bei iliyopandishwa na Kolwezi haikumpa Sagawa wazo lake, bali iliwafanya wenye fedha, Japani na Marekani, waone kwamba wazo la namna hiyo linastahili kugharimiwa.

Sagawa alihama kampuni mwaka 1982, akaenda Sumitomo Special Metals, na humo akaipata sumaku ya neodimi (nayo ni metali ya ardhi adimu), chuma na boroni. Wakati huohuo John Croat na wenzake katika kampuni ya General Motors walifikia aloi ileile kwa njia nyingine, ya kuipoza kwa ghafla metali iliyoyeyuka, na pande zote mbili zikatangaza matokeo yao mwaka 1983. Katika fuwele ya sumaku hiyo, kila atomi 2 za neodimi huandamana na 14 za chuma na 1 ya boroni. Leo imo ndani ya spika za simu, mota za magari ya umeme na mitambo mingi ya upepo.

Nimekueleza haya kwa urefu ili nikuombe jambo ambalo huenda hukulitarajia: usichague fani hii kwa ajili ya kobalti. Kobalti inayopita barabara ya Kasumbalesa ndani ya malori huishia zaidi katika betri, na sehemu inayokwenda kwenye sumaku ni ndogo. Sumaku za samari na kobalti zimebaki pale penye joto kali, kwa mfano ndani ya vyombo vya ndege na satelaiti. Kuitoa kobalti ndani ya mawe ni kazi ya mjomba wako, na ni kazi ya heshima. Mwanafizikia haulizi metali ilitoka mgodi gani. Anauliza kwa nini atomi zake zinakubaliana kuelekea upande mmoja, na nini kinazifanya zigome kugeuzwa. Kama swali hilo ndilo linalokunyima usingizi, endelea. Kama kinachokuvuta ni fahari ya udongo wetu tu, utachoka mapema, kwa sababu kazi yenyewe ni ya polepole mno.

Upolepole huo uko hivi. Mtafiti wa maabara hupima vipande vya metali safi kwa mizani nyeti, huviweka juu ya bamba la shaba linalopozwa kwa maji, na kuviyeyusha kwa cheche ya umeme ndani ya gesi ya agoni ili hewa isiviharibu. Hupata kidonge chenye umbo la kitumbua, ambacho hukigeuza na kukiyeyusha tena mara kadhaa, maana metali nzito na nyepesi hazichanganyiki vizuri kwa mara moja. Kisha hukifungia ndani ya mrija wa kwatsi uliotolewa hewa, na kukiacha katika tanuri kwa siku nyingi, pengine majuma, mpaka atomi zikae mahali pake. Baadaye hukipiga eksirei ili ajue kama fuwele iliyopatikana ndiyo aliyoikusudia. Mara nyingi siyo, naye huanza upya.

Kipande kikikubalika, huvunjwa chembe ya miligramu chache na kuwekwa kwenye kipimasumaku. Aina moja inayotumiwa sana, iliyobuniwa na Mmarekani Simon Foner katika miaka ya 1950, huitikisa chembe hiyo juu na chini ndani ya uga wa sumaku, na koili zilizo pembeni huhisi mtikisiko huo kama umeme mdogo. Uga huongezwa, hupunguzwa, hugeuzwa upande, na katika kioo cha kompyuta hujichora mzingo uliofungika, mpana au mwembamba. Mzingo huo ndio mavuno ya mwezi mzima. Ukiwa mpana, maada hiyo hugoma kugeuzwa na inaweza kufaa kwa sumaku ya kudumu. Ukiwa mwembamba, inageuka kwa urahisi na yafaa zaidi kwa kiini cha transfoma. Humo pia ndimo mnamojificha udanganyifu. Ukishika chembe yako kwa koleo ya chuma, mabaki yasiyoonekana kwa macho hubaki juu yake, nawe utaandika kwamba umegundua usumaku mahali ambapo hapana. Ndiyo maana katika maabara hizo koleo huwa za plastiki, na vumbi letu jekundu la kiangazi, ambalo limejaa oksidi za chuma, lingekuwa adui wa kwanza wa kufagiliwa mlangoni.

Mjomba atauliza faida. Mwambie habari za Louis Néel, mzaliwa wa Lyon, aliyefundishwa na Pierre Weiss mjini Strasbourg. Katika miaka ya 1930 Néel alieleza kwamba ziko maada ambazo atomi zake ni sumaku kamili, lakini jirani na jirani wameelekea pande zinazopingana, hata usumaku wote ukafutika kwa nje. Ilibidi kungoja mpaka 1949, wakati Clifford Shull na mwenzake huko Marekani walipotumia nyutroni kuuona mpangilio huo ndani ya oksidi ya manganizi. Mwaka 1948 Néel alieleza pia siri ya feraiti, zile sumaku nyeusi za spika ambazo huvunjika kama kigae zikianguka. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970, na katika mhadhara wake wa siku hizo alikiri kwamba maada zake za pande zinazopingana zinavutia sana kwa nadharia lakini hazionekani kuwa na matumizi. Mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani waligundua kwamba matabaka membamba sana ya chuma na kromi hubadili kwa kiasi kikubwa ukinzani wake wa umeme yakiwekwa ndani ya uga wa sumaku. Kufikia 1997 ugunduzi huo ulikuwa umeingia katika vichwa vinavyosoma diski za kompyuta, na ndani ya vichwa hivyo tabaka moja lilishikiliwa lisigeuke na maada ya aina ileile ambayo Néel aliiona haina kazi. Fert na Grünberg walipata Nobel mwaka 2007.

Sasa tuje Lubumbashi. Vipimo vinavyohitaji heliamu ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, havifai kutegemewa mahali penye umeme wa kubahatisha, kwa kuwa chombo kikikosa kupozwa, heliamu yote hupaa na fedha zake hupaa nayo. Kwa hiyo kwa sasa nisingekushauri ujenge tasnifu yako juu ya vipimo hivyo ukiwa hapa. Lakini nusu nyingine ya fani hii hufanywa kwa kompyuta. Programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bure, na kompyuta ya mkononi ya kawaida, yenye betri inayoshika chaji, inatosha kukokotoa usumaku wa kila atomi ndani ya fuwele ndogo. Anza na chuma, ambacho jibu lake linajulikana (karibu 2.2 kwa atomi, kwa kipimo cha usumaku kiitwacho magnetoni ya Bohr), kisha kobalti, ambayo iko karibu na 1.6. Ukizipata hesabu hizo wewe mwenyewe, na ukaweza kueleza kwa nini ulichagua kila kigezo, utakuwa na jambo la kumwonyesha profesa yeyote wa nje.

Milango ya nje ipo. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964 kwa kuwafikiria watu wa nchi kama yetu, kina mwaka wa diploma katika fizikia ya maada zilizogandamana, yaani yabisi na majimaji. Kina pia taasisi shirika mjini Kigali tangu 2018, ingawa naelewa kwamba nyakati hizi si kila mzazi wa Lubumbashi atapokea jina la mji huo kwa utulivu. Tangu 2010 shule ya Kiafrika ya kukokotoa miundo ya elektroni, iitwayo ASESMA, imekuwa ikikusanya vijana katika nchi mbalimbali za bara hili. Kwa vipimo vyenyewe, Johannesburg ndiyo jirani wa karibu mwenye watafiti wa sumaku na mashine zao. Kote huko wanafundisha na kuandika kwa Kiingereza, nawe umesoma kwa Kifaransa, kwa hiyo anza lugha hiyo sasa, usingoje barua ya kukubaliwa.

Kuhusu bukari sitakudanganya. Hapa mjini hutapata kiwanda cha sumaku cha kukuajiri. Njia ya chuo kikuu huanza kwa uasistanti, hupita kwa cheo cha C.T. (chef de travaux), na kiti cha profesa hakifikiwi bila uzamivu. Wanaobaki ng'ambo huzunguka miaka kadhaa kwa mikataba ya muda mfupi kabla ya kutulia, na wengi hatimaye huenda kwenye kampuni za mota, vipimio na kumbukumbu za kompyuta. Mjomba wako ana haki ya kulipima hilo, kwa sababu mfuko ni wake. Lakini usimwone kama mpinzani. Maabara za migodi hutumia mashine za eksirei kutambua madini, na wazee kama yeye wanajua tanuri, aloi na uchafu wa metali kuliko vitabu vyako. Honda mwenyewe alikuwa mwanafizikia, akaanzisha taasisi ya utafiti wa vyuma. Muombe mjomba akufungulie mlango wa maabara ya kiwanda wakati wa likizo, hata kama ni kwa kuosha vyombo.

Swali

Papa Mwalimu, mimi ni fundi wa bobinaji hapa Kamalondo. Mota za zamani nilikuwa nazichoma kidogo motoni ili waya wa zamani utoke, halafu nazibobina upya, nazo zinafanya kazi vizuri. Siku hizi wananiletea mota za pampu za sola ambazo zina sumaku katika rota. Nilizozipitisha motoni hazina nguvu tena, hata kama bobini ni mpya. Sumaku imekufa? Naweza kuifufua?

*Fundi, Kamalondo*

Jibu

Fundi, moto wako ndio uliozidhoofisha. Mota za zamani hazikuwa na sumaku ya kudumu ndani yake, kwa hiyo joto halikuwa na cha kuharibu zaidi ya vanishi. Sumaku za rota hizo mpya, kama ni za neodimi, huanza kudhoofika karibu na nyuzi 80 zikiwa za daraja la kawaida. Zile zilizoongezewa disprosi, metali nyingine ya ardhi adimu, huweza kuvumilia mpaka 200 hivi. Zikifika 312 huupoteza usumaku wote, na moto wa makaa hupita hapo bila shida.

Ikipoa, fuwele yenyewe huwa bado nzima, lakini sehemu zake ndogo ndogo za ndani huelekea kila upande na kufutana. Ili zielekezwe tena pamoja inahitajika mashine inayotoa uga mkali sana kwa sekunde ndogo, ambayo viwanda vya mota huwa nayo. Kuzungusha waya wa betri ya gari juu yake hakutoshi. Tena, sumaku hiyo ina chuma kingi na neodimi inayopenda sana oksijeni. Ikiungua bila kinga yake ya nikeli, huota kutu na kuwa unga, na hapo hakuna mashine itakayosaidia.

Toa rota kabla ya kuukaribia moto, uiweke mbali na vumbi la chuma la meza yako, na waya wa stata uukate kisha uuvute ukiwa na joto la wastani. Kwa rota zilizokwisha kuungua, mwambie mwenye pampu atafute rota nyingine kabla hujamtoza fedha ya bobini.

Swali

Jambo Mwalimu. Binti yangu anamaliza humanite za sayansi, anataka kusoma fizikia, na ameniambia habari za maabara zenye sumaku kubwa na eksirei. Je, kazi hiyo inamfaa mwanamke, na haina hatari kwa mwili?

*Mama wa watoto wanne, Kampemba*

Jibu

Mama, kwa swali la kwanza nitakukumbusha mtu mmoja tu. Kabla ya elementi ya radiamu kumpa umaarufu, Marie Curie alianza utafiti wake Paris kwa kupima usumaku wa aina mbalimbali za feleji, kazi aliyopewa na chama cha kuendeleza viwanda vya Ufaransa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1898. Alipokuwa akitafuta nafasi ya kuifanyia kazi hiyo ndipo alipokutana na Pierre, yule wa halijoto ya Curie niliyemtaja juu.

Kuhusu hatari, mashine za eksirei za maabara hufungiwa ndani ya kabati ambalo likifunguliwa miali hukatika. Sumaku kali zina hatari ya aina nyingine. Mbili zikivutana huponda kidole kilicho katikati, na mtu mwenye kifaa cha kusaidia moyo haruhusiwi kuzikaribia. Hatari ambayo watu huisahau ni ya heliamu na nitrojeni za majimaji, ambazo zikimwagika huchemka mara moja na kuisukuma nje hewa ya chumba, bila harufu na bila rangi. Kwa hiyo binti yako akifika katika maabara ya namna hiyo, atakuta kipimo cha oksijeni ukutani, na ataambiwa siku ya kwanza kwamba hakuna anayeruhusiwa kujaza chombo cha heliamu akiwa peke yake.